Rambirambi Ni Mali ya Mfiwa

Kila ardhi inapotetemeka mahali fulani duniani, kuna maneno mawili ambayo huanza kuzunguka kabla hata vumbi halijatua. La kwanza ni hili: watu wetu ni wavumilivu, watasimama tena. La pili ni hili: misaada iko njiani. La kwanza husemwa na wanasiasa waliovaa gambuti mpya. La pili husemwa na yeyote aliyepewa maikrofoni siku hiyo. Mimi nimeyachoka yote mawili. Lile la kwanza linamwachia mwathiriwa mzigo wote, halafu linampigia makofi akiubeba. Lile la pili linamkalisha chini angoje kitu kilichochangwa kwa jina lake, lakini ambacho hana ruhusa ya kukiulizia.

Sijasomea maafa. Hata nilichokwenda kusomea sikumaliza, niliacha chuo mwaka wa pili, na siku hizi naandika nikilipwa na nisipolipwa. Lakini jambo hili halihitaji digrii. Linahitaji mtu aliyewahi kukaa kwenye kamati ya matanga. Ukishakaa kwenye kamati ya matanga, hata mara moja tu, unajua kuna daftari. Kila anayetoa anaandikwa, hata aliyetoa hamsini. Jioni daftari linasomwa kwa sauti, mbele ya watu, na pesa zinakabidhiwa wenye msiba. Pesa hizo zina jina, rambirambi. Rambirambi haijengi ofisi ya chifu. Haizibi mashimo ya barabara inayokwenda kwa mwenyekiti, hata kama barabara yenyewe ni mbovu kweli, na hata kama wafiwa nao wanaipita kila siku. Anayejaribu kuhamisha rambirambi, hata kwa nia nzuri, hatumwiti mpangaji wa maendeleo. Tuna jina lingine kwake.

Sasa hebu tuitoe sheria hii mtaani tuipeleke mahali ambapo ardhi yenyewe ilifungua kinywa.

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu hivi alasiri, tetemeko lilipiga mkoa wa Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Ukubwa wake ulikuwa 5.9. Kwa hesabu za dunia hilo si tetemeko la kutisha. Huko Japani watu wangetikisika, wakatazamana, wakaendelea na kazi. Lakini nyumba nyingi za Bukoba na Missenyi zilikuwa za matofali yasiyo na nondo, na nyingine za udongo. Watu wasiopungua 17 walifariki. Mamia waliumia. Maelfu ya nyumba zilianguka au zikapasuka hadi mwenyewe akaogopa kuingia kuchukua blanketi. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya, zikafungwa. Mtikisiko ulisikika Uganda, Rwanda, Burundi, na hata huku kwetu Kenya. Usiku ule watu walilala nje, wengine chini ya migomba yao, kwa hofu kwamba ardhi haijamaliza.

Nani alifika kwanza? Jibu ni lile lile kila mahali: aliyekuwa karibu. Na hili si wimbo wa umoja wa Waafrika, tafadhali. Ni hesabu ya muda. Mtu aliyefunikwa na ukuta hana wiki. Ana masaa, akibahatika ana siku mbili tatu. Mwaka 1995 tetemeko lilipopiga Kobe, Japani, na kuua zaidi ya watu 6,000, wengi mno kati ya waliochomolewa wakiwa hai walichomolewa na watu wa nyumbani na majirani, si na vikosi vya serikali. Na hiyo ni Japani, nchi yenye vyombo, nidhamu na mazoezi. Barabara zilikuwa zimekatika, moto ulikuwa unawaka, na wazima moto hawakutosha. Jirani hakuhitaji barabara. Alihitaji kujua tu kwamba bibi wa nyumba ya pili hulala chumba cha nyuma.

Hata sisi tunalijua hili bila tetemeko. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, jengo la ghorofa liliporomoka Huruma, Nairobi, wakati wa mvua kubwa, na watu wasiopungua 49 wakafa. Kabla ya mashine kubwa kupata pa kupita katika vichochoro vile, kulikuwa na mikono ya watu. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Walikuwa sahihi.

Ila methali hii ina mtego, na ndani ya mtego huo wamo viongozi wengi wamejificha. Fimbo ya karibu huua nyoka kama ipo. Kama fimbo zote za kijiji zimevunjika siku moja, kumwambia mtu ategemee fimbo ya karibu ni kumdhihaki.

Kuna kijiji kimoja huko huko Bukoba vijijini kinaitwa Nyakatoke. Mwaka 2000, miaka mingi kabla ya tetemeko, watafiti wa uchumi walihoji kaya zote za kijiji hicho, kaya 119, moja baada ya nyingine. Waliuliza swali la kawaida kabisa: ukipatwa na shida unamkimbilia nani, na nani anakukimbilia wewe? Walikuta utando mzito wa ndugu, majirani na marafiki, na juu yake vikundi vya kuzikana vyenye utaratibu wake na michango yake. Mtu akifa, mashine nzima inawaka. Ni jambo zuri, na halikuletwa na mradi wa mtu yeyote. Lakini watafiti hao walikuta pia jambo ambalo wanaosifia ujamaa wetu huwa hawalisemi: maskini alikuwa na watu wachache wa kumkimbilia kuliko mwenye nacho. Hata katika kijiji cha kaya 119, undugu haukugawanywa sawa.

Fikiria vile utando kama huo unavyofanya kazi. Nyumba yako ikiungua, kaya 118 zimesimama. Kila moja ikitoa kidogo, wewe unapata paa. Mwaka ujao akiugua mwingine, unatoa wewe. Ni bima, tena ya bei nafuu, isiyo na wakala wala fomu. Lakini bima hii ina sharti lake: shida zije kwa zamu. Tetemeko halijui zamu. Linagonga milango yote 119 dakika moja. Yule ambaye ungemkimbilia yuko nje anatazama ukuta wake mwenyewe, na yeye anajiuliza akukimbilie wewe au vipi.

Mimi hili nililijua kwa njia nyingine. Mwaka 2019 ploti yetu ilinichangia karo. Mama mboga alitoa, fundi viatu alitoa, makanga wawili wa nyumba ya juu walitoa, hata landilodi, ambaye hatukumtarajia, alituma elfu moja na ujumbe wa kunihimiza nisome kwa bidii. Muhula mmoja ukalipwa. Mwaka 2020 ikaja korona. Matatu zikaamrishwa zipunguze abiria, kafyu ikaingia, mama mboga akakosa wateja wa jioni, fundi viatu akakosa miguu inayotembea. Chuo kilipofungua tena, lile kundi la WhatsApp la kunichangia lilikuwa bado lipo, na watu wale wale walikuwa ndani yake. Hakuna aliyeninyima. Hakukuwa na cha kuninyima. Upendo ulikuwa pale pale, pesa ndizo hazikuwepo. Kwa hiyo mtu akisimama mbele yangu na kusema jamii yetu imeshikamana, haihitaji kubebwa, huwa namuuliza: imeshikamana na nani mwenye kitu?

Hii ndiyo sababu ya msaada kutoka nje kuwepo. Si kwamba watu wa nje wana roho nzuri kuliko majirani. Ni kwamba mikono yao haikufunikwa na ukuta ule ule. Kwa hiyo ile methali nyingine, mtegemea cha ndugu hufa maskini, naomba irudishwe kabatini wakati wa maafa. Aliyefukuliwa kutoka kwenye kifusi hajawa mtegemezi. Amekuwa mfiwa, na mfiwa hudai rambirambi bila aibu.

Na rambirambi ya Kagera ilichangwa. Siku chache baada ya tetemeko Rais John Magufuli aliahirisha safari yake ya Zambia. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikutana na mabalozi na wafanyabiashara Ikulu, Dar es Salaam, na katika kikao hicho kimoja zaidi ya shilingi bilioni moja za Tanzania zikatolewa au zikaahidiwa. Wananchi wa kawaida walituma kwa simu. Msalaba Mwekundu wa Tanzania ulikuwepo na maturubai na huduma ya kwanza. Kenya ilituma mabati, magodoro na mablanketi kwa ndege ya jeshi, na ninasema hivyo kwa fahari ndogo, maana si mara nyingi ndege zetu za kijeshi hubeba magodoro kwenda kwa jirani.

Kisha mambo yakaanza kuharibika. Kabla ya mwezi wa Septemba kwisha, Rais aliwaondoa kazini maofisa wawili wakubwa, mmoja wa mkoa na mmoja wa manispaa, kwa tuhuma kwamba ilifunguliwa akaunti nyingine ya benki yenye jina sawa na ile rasmi ya maafa. Tuhuma ni tuhuma na sina haja ya kumhukumu mtu hapa. Nataka tu uone ni nini kilichodhaniwa kuwezekana: kwamba katikati ya misiba 17, mtu angeweza kufungua daftari la pili.

Lakini jambo lililoniuma zaidi halikufanywa gizani. Lilifanywa mchana, mbele ya umati. Mwanzoni mwa Januari 2017, Rais alikwenda Bukoba akawaambia wananchi kwamba serikali haitawajengea nyumba. Kila mtu ajenge yake. Fedha zilizopatikana zingekwenda kwenye miundombinu ya umma, yaani shule, vituo vya afya na barabara, kwa sababu hivyo vinawafaa watu wote.

Nitaitendea haki hoja hiyo, maana si ya kijinga. Serikali maskini ikiahidi kujenga kila nyumba iliyoanguka itashindwa, na ahadi iliyoshindwa ni mbaya kuliko ahadi isiyotolewa. Shule ikijengwa watasoma watoto elfu, nyumba ikijengwa italala familia moja. Tena ukianza kugawa nyumba, orodha itajaa watu ambao kuta zao zilipasuka mwaka 2009. Haya yote ni kweli. Mtu akiniambia hivyo kabla ya kupitisha kapu, nitamheshimu.

Tatizo ni kwamba kapu lilipita kwanza. Lilipita likiwa na picha ya mama aliyeketi mbele ya kifusi chake. Watu walitoa wakimwangalia yeye. Hakuna aliyetuma shilingi elfu tano za Tanzania akifikiria barabara. Barabara ina mlipaji wake, anaitwa kodi, na hulipwa mwaka mzima, tetemeko liwepo lisiwepo. Ukichukua pesa zilizotolewa kwa jina la mtu aliyelala chini ya mgomba ukafanyia kazi iliyokuwa tayari ni wajibu wako, hujawasaidia watu wengi. Umejilipia deni lako kwa rambirambi ya mwenzako.

Angalia tofauti. Uingereza ilisema wazi kwamba inatoa fedha za kujenga upya sekondari ya Ihungo, na Ihungo ikajengwa, na sina ugomvi na Ihungo hata kidogo. Aliyetoa alitaja jina, na jina likaheshimiwa. Mbona jina la balozi liheshimiwe, na jina la mama wa Missenyi lisiheshimiwe? Kwa sababu balozi atauliza ripoti. Mama akiuliza, anaambiwa ashukuru amebaki hai.

Msomaji atakayedhani sasa nitasema basi tuwape kazi wazungu, asubiri kidogo. Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko la ukubwa wa 7.0 liliipiga Haiti na kuua watu wengi kiasi kwamba mpaka leo idadi inabishaniwa, kutoka laki moja hadi zaidi ya laki tatu. Dunia ilichanga. Msalaba Mwekundu wa Marekani peke yake ulikusanya karibu dola milioni 500. Miaka mitano baadaye waandishi wa ProPublica na NPR walichunguza na kuripoti kwamba nyumba za kudumu ambazo shirika hilo lilikuwa limejenga zilikuwa 6. Ndiyo, sita, zinazotosha kichochoro kimoja. Shirika lilijitetea, likasema liliwapa makazi maelfu ya watu kwa njia nyingine, za muda, za ukarabati, za kodi. Sawa. Lakini mtu aliyechanga akifikiria nyumba anapewa neno makazi, na hapo katikati ya nyumba na makazi ndipo pesa hupotelea bila mtu kuiba hata senti.

Wala si pesa tu. Oktoba mwaka huo huo kipindupindu kiliingia Haiti, kikapita kando ya mto uliopita karibu na kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Kikaua watu wapatao 10,000. Umoja wa Mataifa ulikwepa kwa miaka, na ni Desemba 2016 tu ambapo Katibu Mkuu Ban Ki-moon aliwaomba radhi Wahaiti. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Haiti mgeni alikuja, na mwenyeji akalazwa.

Twende Februari 2023. Uturuki na Syria, tetemeko la 7.8, zaidi ya watu 50,000 wafu upande wa Uturuki pekee. Kaskazini-magharibi mwa Syria, msafara wa kwanza wa Umoja wa Mataifa ulivuka mpaka wa Bab al-Hawa siku ya tatu. Siku tatu, wakati tumeshasema mtu chini ya kifusi ana muda gani. Mkuu wa misaada wa Umoja huo, Martin Griffiths, alifika mpakani akakiri kwamba wamewaangusha watu wale. Waliokuwa wanachimba ni wenyeji, wakiwemo wale wa kikosi cha kujitolea cha Kofia Nyeupe, waliojifunza kazi hiyo kwa kuchimbua majirani zao baada ya mabomu. Upande wa Uturuki, ikagundulika kwamba Hilali Nyekundu ya nchi hiyo iliuza mahema zaidi ya 2,000 kwa shirika lingine la hisani, Ahbap, katika siku za kwanza za maafa, watu wakiwa wanalala kwenye baridi. Waliuza. Mahema. Wakati wa tetemeko. Wenyewe walieleza kwamba mauzo yalifanywa na kampuni iliyo chini yao na kwa bei ya gharama, kama vile kosa lilikuwa kwenye risiti.

Kwa hiyo ugomvi wangu si kati ya Mwafrika na mzungu, wala kati ya serikali na mashirika. Ni kati ya anayeshika daftari na yule ambaye jina lake limeandikwa juu ya daftari. Kote nilikopitia, kutoka Bukoba hadi Port-au-Prince, hawa wawili ni watu tofauti, na wa pili hana njia ya kumuuliza wa kwanza.

Ukisema basi wapewe pesa mikononi, kuna sauti huinuka haraka sana. Watanywa. Wataoa mke wa pili. Hawajui kupanga. Sauti hii hutoka sana kwa watu ambao posho zao za semina hakuna anayeuliza zilinunua nini. Lakini tuijibu kwa ushahidi wa hapa kwetu. Huko Rarieda, kaunti ya Siaya, familia maskini zilipewa pesa taslimu kupitia M-Pesa bila masharti, na watafiti wakafuatilia. Matumizi ya pombe na sigara hayakuongezeka. Kilichoongezeka ni chakula, mifugo, na, sikiliza vizuri, mabati. Watu waliondoa nyasi wakaezeka mabati. Hakuna afisa aliyewaelekeza. Mtu anayenyeshewa anajua anachohitaji.

Tena sisi ndio tungepaswa kuwa walimu wa jambo hili. Tangu 2007 tumekuwa na njia ya kumtumia mtu pesa akiwa juu ya mlima. Bibi asiyejua kusoma anajua namba yake ya siri. Kila mtaa unajua ni nani hana nyumba, na hauhitaji kulipia utafiti wa kuthibitisha. Kama kuna hofu ya orodha kujaa majina hewa, bandika orodha ukutani, kwenye soko, kwenye msikiti, kwenye kanisa, watu waisome. Hakuna mkaguzi mkali kuliko jirani anayejua ukuta wako ulipasuka lini.

Lakini pia sitaki tuishie kwenye M-Pesa, maana pesa mkononi bila sauti zinaweza kuwa njia nyingine ya kumnyamazisha mtu. Umepewa, nyamaza. Mfano ninaoupenda zaidi unatoka mbali, Jiji la Mexico, tarehe 19 Septemba 1985. Tetemeko la 8.0 liliua maelfu. Serikali ilijikokota, na mwanzoni ilijifanya haihitaji msaada wa nje. Majirani wakaingia kwenye vifusi wenyewe, na baadhi yao wakajiita fuko, yule mnyama anayechimba chini kwa chini, na kikundi chao kipo hadi leo.

Hadi hapo ni hadithi ile ile ya Kobe, Huruma na Bukoba. Tofauti ilikuja baadaye. Wapangaji wa nyumba kuukuu za katikati ya jiji walikataa kupelekwa pembezoni. Hawakusema asante kwa mahema. Waliunda vyama, mtaa baada ya mtaa, wakaviunganisha, wakaandamana hadi ikulu. Washonaji ambao viwanda vyao viliporomoka, na ambao waliona mabosi wakiokoa mashine kabla ya watu, wakaunda chama chao cha wafanyakazi. Kabla ya Oktoba kwisha serikali ilikuwa imetwaa maelfu ya viwanja na majengo kutoka kwa wenye nyumba. Ndani ya miaka miwili zaidi ya nyumba 40,000 zikajengwa au zikakarabatiwa, sehemu ya fedha ikiwa mkopo wa Benki ya Dunia, na wapangaji wakabaki katika mitaa yao, sasa wakiwa wenye nyumba.

Hapo kulikuwa na msaada wa jirani, fedha za serikali na mkopo wa nje, vyote vitatu. Havikugombana, kwa sababu mwathiriwa alikaa katikati akivigawia kazi. Uvumilivu wao haukusifiwa na mtu, maana hawakuvumilia.

Kwa hiyo nikiulizwa nataka nini, sina mpango wa kurasa mia. Nina sheria za kamati ya matanga tu. Moja, kabla ya kupitisha kapu, sema ni la nini. Kama ni la shule, andika shule, na watakaotaka kuchangia shule watachangia. Mbili, ukilipitisha kwa jina la walioanguka, walioanguka wawe na viti kwenye kamati, si viti vya kupigiwa picha, bali viti vya kutia saini. Tatu, daftari lisomwe kwa sauti, mahali pa tukio, kwa lugha ya pale, kila mwezi mpaka shilingi ya mwisho. Nne, sehemu kubwa iende moja kwa moja kwa wenye misiba, na anayetaka kupinga hili alete sababu nyingine zaidi ya dharau.

Na Wakenya tusisome haya kama habari za ng'ambo ya ziwa. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko la ukubwa wa 6.9 lilipiga Subukia, kwenye Bonde la Ufa, kubwa kuliko lile la Kagera kwa mbali. Wakati huo hakukuwa na Pipeline wala Huruma wala Githurai. Bonde bado liko pale, linaendelea kufunguka polepole kama lilivyofanya siku zote. Kilichobadilika ni sisi. Tumepanga watu ghorofa nane juu ya nguzo ambazo mhandisi hakuziona, na nyingine zinaanguka zenyewe kwa mvua tu, bila ardhi kusema neno.

Siku hiyo ikija, najua yatakayotokea dakika ya kwanza. Vijana wa mtaa watakimbilia vumbi, si kulikimbia. Watachimba kwa mikono na kwa sufuria. Sina shaka nao hata kidogo, na ndiyo maana sitaki kusikia hotuba ya kuwasifu. Jioni paybill itatangazwa kwenye televisheni na simu zetu zitaanza kulia. Mimi nitatoa nilicho nacho. Halafu nitauliza, na nakuomba na wewe uulize, usiku huo huo, kabla picha hazijapoa: akaunti hii ina jina la nani, na daftari litasomwa wapi, lini?